Mabati Tuliyolalia

Chuma kikipata jua kinalalamika, na kikipoa kinalalamika vilevile. Hiyo ndiyo sauti ya utoto wangu. Tuliishi katika kambi ya polisi hapa Kampala, ndani ya uniporti, kile kibanda cha duara cha bati ambacho wakoloni walikileta kwa ajili ya askari wasio na familia, kisha askari wakaoa, wakazaa, na kibanda kikabaki na ukubwa wake uleule. Asubuhi jua likipanda kilianza kutoa milio, ta, ta, ta, mithili ya mtu anayevunja vidole. Mchana ukiegemea ukuta uliruka mwenyewe bila kuambiwa. Jioni kikaanza upya, safari hii polepole, na sisi watoto tukajua muda wa kuoga umefika. Pamoja na sauti hiyo kulikuwa na harufu ya ufuta, kwa sababu Mama alikaanga ufuta na karanga na kusaga odi, ule uji mzito wa kupaka kwenye viazi, akawauzia wake wa askari kwa vijiko. Alikaangia katika kile kichumba cha mbele ambacho Baba alikiongeza kwa maturubai na mbao za makasha. Kambini vyumba hivyo vinaitwa mama ingia pole, maana mlango wake ni mfupi na mama asiyeingia pole hutoka na nundu. Mimi nilikuwa na nundu mara nyingi kuliko watu wote wa nyumba ile.

Baba alikuwa sajini, Mwacholi na Mkatoliki wa kwenda misa hata akiwa ametoka zamu ya usiku. Mama alikuwa Mlugbara na Mwislamu, binti wa polisi, aliyezaliwa kambini, akakulia kambini na kuolewa kambini. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo nyumbani kwetu tulisema Kiswahili, kile Kiswahili cha askari ambacho mwalimu yeyote wa pwani angekisikia angeomba maji ya kunywa. Walikuwa wamekubaliana mambo mengi bila kelele. Baba aliwapa majina watoto wa kiume na Mama akawapa wa kike. Ndiyo maana mimi ni Mariamu, na kaka yangu ni Otim, jina ambalo Waacholi humpa mtoto aliyezaliwa mbali na nyumbani. Ningekuwa mtu mzima wakati ule ningelisikiliza jina hilo kwa makini zaidi, kwa sababu ndani yake Baba alikwisha kusema anachokiwaza.

Tulikuwa tunalala juu ya mabati. Wake wa askari walikuwa na kikundi chao cha kuchangiana, na walikuwa wameapa kwamba mwanamke ambaye zamu yake imefika hatapewa pesa mkononi hata akilia, atapewa mabati. Pesa, walisema, zina ndugu wengi. Leo shemeji anaumwa, kesho karo, keshokutwa bwana mwenyewe ameonekana kantini akiwanunulia wenzake bia. Bati huwezi kulipeleka kantini. Basi kila zamu ya Mama ilipofika, mabati mapya yaliingia mlangoni kwa ubavu, yakiimba, na kupangwa juu ya matofali pale ambapo kwa watu wengine kuna kitanda. Juu yake gunia, juu ya gunia godoro, juu ya godoro mimi na Otim. Mwaka hadi mwaka kitanda kilipanda. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakipanda kwa mguu mmoja tu. Nilipofika darasa la nne nilihitaji kigoda. Baba naye alileta misumari kidogo kidogo, akaitia katika makopo ya maziwa, na alipopata posho ya safari alimwongezea Mama mchango wa kikundi bila kuombwa. Nilijivunia sana jambo hilo. Niliwaambia wenzangu shuleni kwamba wazazi wangu hawagombani, wanajenga paa.

Kuta zilikuwepo, tena za nyumba mbili, na sote tulizijua. Kulikuwa na kuta za Kisugu, chini bondeni, kwenye kiwanja chembamba ambacho Mama alikinunua kwa odi, kijiko baada ya kijiko. Na kulikuwa na kuta za kwao Baba, kaskazini, ambako watu walikuwa wametoka katika makambi ya wakimbizi baada ya vita na kuanza upya kwenye mashamba yaliyogeuka msitu. Vijana wa ukoo walikuwa wamemchomea Baba matofali na kumjengea vyumba karibu na kibanda cha nyasi cha bibi yetu, mama yake. Baba alidhani kiwanja cha Kisugu ni akiba ya karo zetu, kitu cha kuuzwa siku moja tutakapofika chuo. Mama alidhani kuta za kaskazini ni za Bibi, na kwamba vijana wa ukoo wataziezeka kwa nyasi. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Kambini kumuuliza askari ataishi wapi akistaafu ni kama kumuuliza atakufa lini, na Mama, aliyekulia humo, alijua kunyamaza.

Kisha barua ya kustaafu ikaja. Baba aliisoma akiwa amesimama, akaiweka mfukoni, na Jumapili iliyofuata, baada ya misa, akamwita Salongo aje kupiga hesabu ya kuezeka. Salongo alikuwa fundi wa mapaa, Mganda mnene, baba wa mapacha kama jina lake linavyosema, na wake wengi wa askari walikuwa wamempa kazi. Alikaa kwenye kigoda changu, akachana kipande cha mfuko wa simenti, akachomoa kalamu nyuma ya sikio. Baba alikuwa na furaha siku ile. Alivaa shati la misani na kumwagiza Otim soda. Mama alileta viazi na odi, akakaa ukingoni mwa kitanda, yaani juu ya mabati yenyewe, mimi nikiwa nyuma ya mgongo wake.

"Nyumba iko na chumba ngapi?" Salongo akauliza.

"Tatu," akasema Baba.

"Nne," akasema Mama.

Baba akacheka. "Huyu anahesabu mpaka baraza."

"Mimi naandika nne," Salongo akasema. "Bati ikibaki, inakuwa ya kuku."

Wakaendelea. Kenchi, mbao za kati, misumari, mabati ya mgongo wa paa. Baba alitaka mbao zitiwe dawa kwa sababu ya mchwa. Mama akamtazama, maana bondeni Kisugu tatizo letu lilikuwa maji wala si mchwa. Walipofika kwenye chakula cha mafundi Mama akasema posho, ule ugali wa kambini, na maharagwe atapika yeye. Baba akamwambia asijisumbue, mama yake atapika. Mama akageuka kwangu macho yakiwa makubwa. Alidhani mkwe wake anakuja kukaa nasi, na katika uniporti ile hata paka alikuwa amehama kwa kukosa nafasi. Salongo akaandika chakula na kukipigia mstari. Kisha akafika mwisho wa karatasi yake.

"Sasa rori," akasema. "Hii mizigo tunapereka wapi?"

"Kisugu," akasema Mama.

"Nyumbani," akasema Baba.

Walisema kwa pamoja. Salongo akatazama mmoja, akatazama mwingine. "Nyumbani si ndio Kisugu?"

"Ndiyo," akasema Mama.

"Hapana," akasema Baba.

Salongo akakunja kipande chake cha mfuko wa simenti mara nne, akakitia mfukoni, akachukua kiazi kimoja cha njiani. "Afande, mimi naenda kwanza. Nyinyi mkielewana, mnaniita." Alisahau kuinama mlangoni, na nundu aliyoipata siku ile naamini aliondoka nayo bila kuisikia.

Sikuwahi kuwasikia wazazi wangu wakibishana kabla ya hapo, na sauti zao zilinishangaza kwa upole wake. Baba aliuliza, "Miaka hii yote wewe ulifikiri bati ni ya Kisugu?" Mama akajibu, "Na wewe ulifikiri ni ya wapi?" Baba akasema, "Mimi nitazikwa wapi, Mama Otim? Kwa bonde la Kisugu?" Mama akamwambia, "Kwanza uishi, Baba Otim. Kufa itakungoja." Kisha wakanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikokuwa kubaya. Walianza kusema tafadhali na asante, maneno ambayo hayakuwa na kazi nyumbani kwetu. "Mariamu, mwambie baba yako chai iko tayari, tafadhali," na Baba ameketi hapo hapo, goti lake limegusana na sufuria. Otim na mimi tulikuwa tunapanda kitandani jioni kwa adabu. Tulijua sasa kwamba tumelalia kitu kinachoweza kutugawa.

Ninawaelewa wote wawili, na huo ndio mzigo wangu hadi leo. Baba alikuwa amemwahidi mama yake. Bibi aliishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi, wakati wa vita, katika kibanda kilichobanana na vibanda vya watu asiowajua, na aliporudi shambani alimwambia Baba kwamba ombi lake ni moja tu, amwone mwanawe anakaa pale kabla hajafumba macho. Kwa Baba, mtu asiye na nyumba kwao ni mgeni kila aendako, na siku akiletwa ndani ya sanduku, waombolezaji watakaa kwa jirani. Aibu hiyo aliiogopa kuliko kifo chenyewe. Mama naye alikuwa na hofu yake, ya zamani zaidi. Alipokuwa na umri kama wangu wa wakati ule, baba yake alifariki akiwa kazini, na muda wa kukaa kambini ulipokwisha, vitu vyao vilitolewa nje vikawekwa kwenye majani. Alitusimulia mara moja tu. Hakutaja njaa wala mvua. Alichokitaja ni godoro lao, lenye alama za mikojo ya wadogo zake, lililolazwa juani huku watoto wote wa kambi wakipita. Kwao hakuwahi kukuona. Arua kwake lilikuwa jina lililoandikwa kwenye kitambulisho. Alikuwa ameapa kwamba sisi hatutatolewa mahali popote na mtu yeyote.

Muda ulikwenda, na barua ya kustaafu haikungojea watu waelewane. Ndipo likaja jambo la mjane wa kibanda cha mwisho katika mstari wetu. Mume wake, koplo, alikuwa amefariki zamani kidogo, na yeye alikuwa ameongezewa muda, akaongezewa tena, mpaka ikafika amri kwamba kibanda kinahitajiwa na askari mwingine. Sajini wa zamu siku ile alikuwa Baba. Nilikuwa natoka shule nilipoona watu wamesimama, nikamwona Baba katika sare yake akitoa vyombo vya mama yule kwa mikono yake mwenyewe, kimoja kimoja, akavipanga kwenye majani vizuri kana kwamba anavipanga kabatini. Askari wadogo walitaka kumsaidia, akawakataza. Alitoa masufuria, picha ya koplo, kapu la nguo. Godoro alilitoa mwisho, na alilikunja akalifunika kwa shuka kabla ya kulipitisha mlangoni. Watoto wa mjane walikuja kutoka shule wakiwa na mikoba mgongoni, wakasimama karibu na meza yao iliyokuwa nje, wasijue kama wakae au wasimame. Nilimtafuta Mama katika umati. Alikuwa amesimama na kijiko cha odi mkononi, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta.

Baba alirudi kabla jua halijatua. Alivua buti, akakaa kwenye mabati, akakataa chakula. Milio ya jioni ilianza na ikaisha. Kisha akasema, bila tafadhali, "Mama Otim, mwite Salongo. Apime Kisugu."

Nilitegemea Mama afurahi. Nilitaka kupiga kelele mimi mwenyewe. Yeye alikoroga chai, akaiweka mbele yake, akakaa karibu naye kuliko alivyokuwa amekaa kwa wiki nyingi. Waliinywa chai ile katika kikombe kimoja, na hatukusemeshwa.

Salongo alikuja, tukaenda naye Kisugu sote, akapima kuta kwa utepe wake, akachana mfuko mwingine wa simenti. "Chumba nne," akasema, kwa sauti ya mtu anayekanyaga taratibu.

"Tatu," akasema Mama.

"Nne," akasema Baba. "Mimi nimeona. Ni nne."

"Tatu. Sebule itangoja." Mama hakumtazama Baba, alimtazama fundi. "Bati itakayobaki, ikunje vizuri. Inaenda kwa bibi ya watoto. Kuta zake ezeka chumba kimoja, ile ya mbele. Na mbao weka dawa. Kule kuna mchwa."

Baba alienda nyuma ya ukuta kana kwamba anakagua kitu. Alikaa huko muda mrefu kwa mtu anayekagua matofali. Aliporudi alimwuliza Salongo bei ya dawa ya mchwa. Siku ya kusafirisha, mabati yale yalikunjwa kama mkeka na kupandishwa juu ya basi la kaskazini. Baba, aliyekuwa anasafiri nayo, alipanda juu kukaza kamba, akashuka, akapanda tena, mpaka utingo akamwambia, "Afande, hii kitu haikimbii." Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu siku ya hesabu ile ya kwanza, na nilifurahi hadi nikaona haya.

Tulihamia Kisugu tukiwa na vyumba vitatu na sebule isiyo na paa. Watu walitucheka. Ukitoka chumbani kwenda jikoni wakati wa mvua ulibeba mwavuli ndani ya nyumba yako mwenyewe. Pale kwenye sebule mchicha uliota, na Mama akauvuna, akawapa majirani wale wale waliotucheka. Usiku wa kwanza nilikosa usingizi kwa sababu kitanda kilikuwa chini na nyumba ilikuwa kimya. Kuta za matofali hazina la kusema. Baba alipata kazi ya ulinzi kwenye ghala moja Nakawa, na kila msimu wa kulima alipanda basi kwenda kwao, akalala katika chumba kile kimoja. Bibi alimwona akikaa pale. Alimwona misimu kadhaa kabla ya kufumba macho, na kwangu hilo ni jambo kubwa ambalo lilikaribia kukosekana. Sebule ya Kisugu tuliiezeka baadaye sana, Otim alipoanza kazi, kwa mabati mekundu ya kisasa, kwa hiyo ukitazama kutoka barabara ya juu utaona nyumba yenye rangi mbili.

Mimi sasa ni mtu mzima mwenye kazi ya ofisi na malalamiko ya mtu wa ofisi. Mwaka jana nilimsaidia rafiki kupiga hesabu ya paa lake. Tulituma vipimo kwa simu, tukarudishiwa jumla kabla chai haijapoa, rangi tuchague wenyewe, usafiri ndani yake, na mabati yakaletwa siku ya tatu. Hakuna aliyeyalalia. Hakuna aliyemwuliza mwenzake swali ambalo lingemgharimu kitu. Rafiki yangu na mumewe walichagua rangi ya kijani kwa dakika tano, na nikawaonea wivu, halafu nikawahurumia kidogo, kisha nikajiambia niache upuuzi, maana paa jema ni paa jema na Mama angelipokea kwa mikono miwili lile lililokuja haraka.

Baba alifariki miaka minne iliyopita. Tulimpeleka kaskazini, tukamlaza mbele ya chumba chake, na mvua ilipotukuta mazishini, waombolezaji waliingia chini ya mabati yake mwenyewe, wakabanana hadi barazani. Hawakwenda kwa jirani. Mama alisema atabaki kidogo, angoje watu waishe. Watu waliisha. Akasema angoje mtama uvunwe. Mtama ukavunwa. Sasa ana kuku, ana kundi la wanawake anaowafundisha kuchangiana, na msala wake uko karibu na picha ya Bikira Maria ambayo Bibi aliitundika na ambayo amekataa iondolewe. Kiacholi chake ni cha kuchekesha, na wote wanacheka, naye akiwamo.

Msimu huu wa mvua nilimpigia simu kumsihi arudi. Nilimwambia nyumba ya Kisugu ni yake, aliipigania, ina dari sasa, ina umeme, vyumba vyote vinne vina paa. Nilimwambia, kwa hasira kidogo, kwamba alikaribia kuvunja ndoa yake kwa ajili ya nyumba hii na sasa haitaki. Nilisikia mvua ikipiga bati upande wake, kubwa sana, hata ikabidi apaze sauti.

"Ile niliwajengea nyinyi, msitolewe nje," akasema. "Na hamkutolewa. Sasa baba yako yuko hapa mlangoni, Mariamu. Nikija huko, nani atakaa ndani?"